Mpira Upigwe Pale Ulipolala

Gofu ni mchezo wa fimbo na mpira mdogo mweupe. Mchezaji huupiga mpira kutoka pahali palipowekwa hata uingie katika shimo lililo mbali, na mwenye mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kwa mtu atazamaye kutoka nje ya ua, mchezo huo waonekana kama matembezi ya watu wenye nafasi. Lakini una kitabu cha sheria kilicho kinene, na katika kitabu hicho iko sheria moja ambayo waweza kusema ndiyo mama ya zote: mpira upigwe pale ulipolala, na uwanja uchezwe jinsi ulivyokutwa.

Sheria hiyo yawahusu watu wa Kibera na Kawangware kuliko mtu wa mbali awezavyo kudhani. Klabu ya gofu ya Royal Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kupewa cheo cha "Royal" na Mfalme George wa Tano mwaka 1935, iko jirani na Kibera. Upande mmoja wa ua ziko nyasi zilizokatwa vizuri; upande wa pili yako mabati na vichochoro vya mtaa. Mtu wa Kawangware naye aweza kufika huko kwa miguu akipita Dagoretti Corner, au akielekea upande mwingine akafika klabu ya Vet Lab kule Kabete. Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa hiyo wamekuwa wakiingia katika viwanja vya gofu kufanya kazi ya kuchukua mifuko ya fimbo. Wachukuzi hao huitwa makedi.

Kedi si mpagazi tu. Yeye hutazama mpira unapoangukia, hukadiria masafa kwa macho, humshauri mchezaji atumie fimbo ipi, na husoma mteremko wa nyasi karibu na shimo kama vile mkulima asomavyo mawingu. Zamani za ukoloni Waafrika hawakukubaliwa kuwa wanachama wa vilabu vya namna ile. Waliujua mchezo kwa mlango wa kazi. Hata hivyo waliujua vema, na wachezaji wa kulipwa wengi wa Kenya wa miaka ya baadaye walianza kwa kubeba mifuko ya watu wengine.

Ardhi yenyewe ina habari yake. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi "kibra", maana yake msitu. Wanubi, waliokuwa askari wa King's African Rifles pamoja na jamaa zao, walikaa hapo tangu miaka ya kwanza ya karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi kuwa ni eneo la jeshi, lenye ekari 4,197. Ekari hizo zilipunguzwa kidogo kidogo miaka ilivyopita, hata mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya kumiliki ardhi, ilikuwa ni ya ekari 288. Basi ni watu wajuao sana thamani ya alama ya mpaka, na hilo ni jambo litakalorudi hapa chini.

ASILI YA SHERIA

Sheria za gofu za kwanza zijulikanazo ziliandikwa mwaka 1744 huko Leith, Uskoti, na mabwana waliotaka kushindana kwa ajili ya fimbo ya fedha iliyotolewa na mji wa Edinburgh. Zilikuwa sheria 13 tu, nazo zingeweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari. Miongoni mwazo ilikuwako iliyokataza mchezaji kuondoa mawe, mifupa au vipande vya fimbo zilizovunjika ili apate kuupiga mpira wake kwa urahisi, isipokuwa mahali maalumu, tena karibu na mpira tu. Nyingine ilisema ya kwamba mpira ukizuiwa na mtu, farasi, mbwa au kitu kingine chochote, upigwe pale ulipolala.

Kutajwa kwa mifupa na farasi kwaonyesha uwanja wa siku zile ulikuwa wa namna gani. Ulikuwa ni uwanda wa watu wote. Watu walipita na wanyama walipita. Hapakuwa na mkata nyasi wala bustani. Mchezaji alikutana na ardhi ilivyo, na ustadi wake ulikuwa katika kujua la kufanya mpira ulipoangukia pabaya. Mtu akiruhusiwa kutengeneza mahali pabaya pawe pazuri, ustadi huo hauna kazi tena.

Tangu mwaka 1952 mashirika mawili yanayotunza mchezo huu, moja la Uskoti na moja la Marekani, yamekubaliana kuwa na sheria za namna moja duniani pote. Mwaka 2019 zilifanyiwa matengenezo makubwa ili zieleweke kwa urahisi, na sheria inayozungumzwa hapa ikawa ya 8. Kwa hiyo kedi wa Kibera ajuaye sheria ya 8 ajua sheria ile ile iliyo juu ya mabingwa wa Marekani na Ulaya wajao kucheza mashindano ya Kenya Open, ambayo yalianza mwaka 1967.

MALALO YA MPIRA NA NYASI ZA KIKUYU

Jinsi mpira ulivyolala ardhini ndiyo yaitwayo malalo. Mpira waweza kulala juu ya nyasi kama yai juu ya kiota, nao ukapigika vizuri. Waweza pia kuzama kati ya mizizi, au nyuma ya jiwe, au chini ya kichaka, au ndani ya kovu lililoachwa na fimbo ya mtu mwingine aliyepita asubuhi.

Katika viwanja vya Nairobi malalo yategemea sana nyasi ambazo kila mkulima wa nyanda za juu azijua: nyasi za kikuyu. Ng'ombe huzipenda, na mwenye shamba la mahindi huzichukia, kwa sababu zikikatwa huota tena na mizizi yake husambaa chini kwa chini kama kamba. Nyasi hizo, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, zilichukuliwa zikapelekwa nchi nyingi. Zilifika California mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, na leo zimejaa katika uwanja wa Riviera, Los Angeles, ambapo mabingwa huzilalamikia kila mwaka. Zikikatwa fupi huunyanyua mpira vizuri kabisa. Zikiachwa zikarefuka, humeza mpira, na fimbo ikipita hunaswa kana kwamba imeshikwa na mkono.

Hapo ndipo majaribu yanapoanza. Mpira umezama, mchezaji asimama juu yake, hakuna amtazamaye ila kedi wake. Kuikandamiza nyasi kidogo tu nyuma ya mpira kwa uso wa fimbo ni kazi ya nukta moja. Tena kitendo chenyewe chafanana sana na kitendo cha halali. Maana sheria yamruhusu mchezaji kuiweka fimbo chini polepole, karibu mbele au nyuma ya mpira, uzito wa fimbo ukachukuliwa na nyasi, hairuhusu kuigandamiza. Baina ya kuweka na kugandamiza pana tofauti ambayo mtu aliye mbali hawezi kuiona. Wanaoijua ni wawili: mwenye fimbo, na aliyesimama ubavuni pake na mfuko begani.

YALIYOKATAZWA NA YALIYORUHUSIWA

Sheria hailindi malalo peke yake. Yalinda pia pahali mchezaji atakaposimama, nafasi ambayo fimbo yake itapita, njia ambayo mpira utafuata, na pahali pa kuangushia mpira pale ambapo sheria imempa ruhusa ya kuusogeza. Katika hizo zote hana ruhusa kuvunja tawi, kukunja majani yaliyoota, kusawazisha udongo, kuondoa mchanga au udongo uliolegea, wala kufuta umande. Habari ya umande huwashangaza wengi, lakini mtu aliyewahi kupita kwenye nyasi za Nairobi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ajua jinsi mpira unavyoteleza na kusimama ghafula penye maji. Umande ni sehemu ya uwanja wa saa ile.

Tawi lililo njiani ni mfano mzuri wa ugumu wa sheria hii. Mchezaji aweza kuusogelea mpira wake na kusimama kwa njia ya kawaida, hata kama tawi litapinda kwa kusukumwa na mgongo wake, maadamu hakuna njia nyepesi zaidi ya kusimama. Lakini hawezi kulishika tawi kwa mkono, wala kulikanyaga lisirudi, wala kumwambia kedi alishikilie. Hata akiwa amekwisha kulikunja, asipolivunja, sheria yampa nafasi ya kutubu: akilirudisha kama lilivyokuwa kabla ya kupiga, hana adhabu. Likivunjika halirudi, na hapo adhabu imekwisha mshika. Na aliyesawazisha udongo hana nafasi hiyo hata kidogo, kwa kuwa udongo uliokwisha kusawazishwa haurudi kuwa vile ulivyokuwa.

Kwa upande mwingine, vitu vya asili visivyoshikamana na ardhi vyaweza kuondolewa pahali popote. Majani makavu, vijiti, mawe, maua ya jakaranda yaliyoanguka, mavi ya ng'ombe, wadudu, hata vijilima vya udongo vinavyotolewa na sisimizi na nyungunyungu, vyote hivi vyaweza kutolewa. Ila mwenye kuvitoa na aangalie: mpira ukisogea kwa sababu hiyo, isipokuwa kwenye nyasi fupi kabisa za shimoni, huongezewa pigo moja naye hurudisha mpira mahali pake. Vitu vya kutengenezwa na watu, kama chupa, karatasi au reki, vyaweza pia kuondolewa, na mpira ukisogea hapo hakuna adhabu. Hadi mwaka 2018 mpira ukiwa katika banka, yaani shimo la mchanga, jani lililokuwa karibu yake halikuweza kuguswa. Tangu 2019 laweza kuondolewa, lakini mchanga wenyewe hauguswi kwa mkono wala kwa fimbo ili kujaribu ulivyo, wala nyuma tu ya mpira.

Kitu kimoja hakiondolewi hata kama kimeshika ardhi kwa ulegevu kiasi gani, nacho ni alama ya mpaka wa uwanja. Kigingi cha mpaka, ukuta na ua ni vitu vitakatifu katika mchezo huu. Mkulima hatashangaa. Katika shamba lake mwenyewe aweza kung'oa kisiki, kuhamisha jiwe na kuchoma takataka, lakini akingoa bikoni ya mpimaji yu katika matata ya namna nyingine.

Kovu la nyasi lililotajwa juu ndilo linaloleta manung'uniko mengi. Mtu amepiga mpira wake vizuri sana, umekwenda katikati ya njia ya nyasi fupi, kisha ukaviringika ukaingia katika shimo dogo lililochimbwa na fimbo ya mtu mzembe aliyekwenda zake bila kulifukia. Hakuna msaada. Apige hapo hapo. Wachezaji mashuhuri wameomba mara nyingi jambo hilo libadilishwe, na hoja yao ina nguvu, maana ni kulipa deni la mwingine. Wenye sheria nao wamejibu kwamba haiwezekani kuweka mpaka ulio wazi baina ya kovu jipya, kovu linaloanza kupona, na bonde la kawaida. Na ukimwachia kila mtu aamue mwenyewe, kila bonde litakuwa kovu. Jibu hilo si tamu, lakini ni la haki.

MKONO WA KEDI

Mbele ya sheria, kedi na mchezaji ni mtu mmoja. Kedi akifanya jambo ambalo mchezaji mwenyewe amekatazwa, adhabu humwangukia mchezaji, hata kama hakumtuma, hata kama hakumwona. Adhabu ya kutengeneza malalo ni mapigo mawili katika mchezo wa kuhesabu mapigo, na katika mchezo wa watu wawili kushindania shimo kwa shimo, ni kupoteza shimo lile.

Yafaa kufikiri maana yake kwa mtu wa Kawangware aliyeamka gizani kuwahi zamu. Kwa kawaida kedi halipwi mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa mzunguko mmoja wa uwanja, na bwana akifurahi huongeza kitu juu yake. Siku ya mvua, au siku isiyo na wachezaji, hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo furaha ya bwana ni unga na mafuta ya taa. Sasa mpira wa bwana umeingia katika nyasi ndefu, na kedi, aliyetangulia, ndiye aliyeuona kwanza. Mguu wake waweza kuukanyaga ule mti mdogo ulio nyuma ya mpira, au kulaza nyasi zilizousonga, bila mtu yeyote kujua. Bwana akifika atakuta malalo mema, atapiga vizuri, atacheka, na jioni atatoa noti ya ziada.

Wako wachezaji ambao hupenda mambo yawe hivyo, nao hawaulizi. Huku ndiko kubaya kuliko kote, kwa sababu mchezaji wa namna hiyo apata faida bila kutia mkono wake katika uchafu, na siku jambo litakapofichuka ni nani atakayeambiwa asirudi langoni? Si mwanachama. Kwa hiyo kedi aijuaye sheria ya 8 ana kinga ambayo mwenzake asiyeijua hana. Aweza kusema kwa heshima, "Bwana, ukishika tawi hilo ni mapigo mawili," na maneno hayo ni halali kabisa, maana kedi ana ruhusa ya kumshauri mchezaji wake katika kila jambo. Bwana mwenye akili atashukuru, hasa katika mashindano, kwa kuwa kedi amemwokolea mapigo mawili bila kupiga hata moja.

Sheria haikusahau kwamba mpira uliopotea hauwezi kutafutwa bila kugusa nyasi. Mchezaji na kedi wake waweza kupekua nyasi, kusogeza mchanga na kukunja matawi kwa kadiri ya haja ya kuutafuta na kuutambua, na malalo yakiwa mema zaidi kwa sababu ya kazi hiyo ya haki, hakuna adhabu. Mpira ukisogezwa kwa bahati mbaya wakati wa kuutafuta, hurudishwa bila adhabu. Muda wa kutafuta ni dakika 3. Kabla ya 2019 ulikuwa dakika 5. Lakini mtu afyekaye nyasi kama anayeandaa shamba, na huku mpira ameuona, huyo hatafuti tena.

TAULO NA MCHANGA

Mwezi wa Februari 1987, katika mashindano ya San Diego huko California, mchezaji mashuhuri Craig Stadler alikuta mpira wake chini ya mti ambao matawi yake yalikuwa karibu na ardhi. Hakuweza kusimama, basi alipiga magoti. Ardhi ilikuwa na matope, naye alikuwa amevaa suruali safi. Akatandika taulo akapiga magoti juu yake. Alipiga, akaendelea, na baada ya mchezo wa siku ile akatia sahihi karatasi yake ya hesabu. Siku ya pili watu walioona picha hiyo katika televisheni walipiga simu. Kutandika taulo ni kujijengea pahali pa kusimama, na adhabu yake ni mapigo mawili. Kwa kuwa hakuyaandika, karatasi aliyoitia sahihi ilikuwa na hesabu pungufu, naye akaondolewa katika mashindano, hali alikuwa amemaliza kwa namna ambayo ingempa nafasi ya pili pamoja na wengine.

Makarani watalielewa jambo hilo upesi. Kosa la taulo lilikuwa dogo. Sahihi ndiyo iliyomponza. Tangu wakati huo sheria imelegezwa, na mtu aliyeacha kuandika adhabu kwa sababu hakujua kabisa kwamba amekosa, huongezewa mapigo yake bila kufukuzwa. Lakini taulo ingali imekatazwa. La ajabu ni kwamba lau angalijifunga taulo ile kiunoni kama shuka, kisha akapiga magoti, asingalikuwa na kosa, kwa maana nguo aliyoivaa mtu si sehemu ya ardhi. Mwaka 1995 mti huo, uliokuwa umeugua, ulikatwa, na Stadler mwenyewe alialikwa kushika msumeno.

Habari ya pili ni ya Desemba 2019, huko Bahamas. Patrick Reed wa Marekani alikuwa katika mchanga, na alipokuwa akijaribu mkono kabla ya kupiga, fimbo yake iliondoa mchanga nyuma ya mpira mara mbili. Kamera ilikuwa nyuma yake. Yeye alisema ya kwamba picha ilipigwa kwa pembe iliyofanya jambo lionekane baya kuliko lilivyokuwa. Waamuzi walimpa mapigo mawili, na mwisho wa mashindano alikuwa amepitwa na mshindi, Henrik Stenson, kwa mapigo mawili hayo hayo. Waamuzi hawana haja ya kuingia moyoni mwa mtu. Wao hutazama mchanga: je, ulikuwako nyuma ya mpira, na sasa haupo?

Lakini uwanja wa Jumamosi karibu na Kibera hauna kamera, wala mwamuzi katika kila shimo. Hapo mchezaji ndiye mshitaki na hakimu wa nafsi yake, na hilo halikuwashinda watu wa kale. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani yaliyofanyika Worcester, Massachusetts, Bobby Jones aliona mpira wake umesogea kidogo katika nyasi alipokuwa akijitayarisha kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Wakubwa wa mashindano walimwachia aamue mwenyewe, naye akajiandikia pigo moja. Mwisho wa hesabu alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane, wakarudia mchezo, na Jones akashindwa.

MVUA NA VIBOKO

Ziko nyakati ambapo mchezaji huruhusiwa kuunyanyua mpira na kuuweka pazuri zaidi, wala si udanganyifu. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ile ya vuli, udongo wa Nairobi hugeuka tope, na mpira hushika matope hata usionekane kuwa mweupe. Hapo kamati ya klabu huweza kutoa amri ya muda, ambayo hubandikwa ubaoni, kwamba mpira ulio kwenye njia ya nyasi fupi waweza kusafishwa na kuwekwa tena ndani ya kipimo kilichotajwa, pengine urefu wa karatasi ya hesabu, pengine urefu wa fimbo moja, usisogee karibu na shimo. Huwekwa mara moja tu. Nyasi ndefu hazimo katika ruhusa hiyo. Na bila amri ya kamati, mvua peke yake haimpi mtu haki: mchezaji asemaye "leo ni tope, tuweke tu" amejitungia sheria yake, hata kama wenzake watatu wamekubali. Mpira uliojizika katika shimo uliojichimbia wenyewe kwa kishindo cha kuanguka ni jambo lingine. Huo hutolewa bila adhabu pasipo amri ya kamati, ila si katika banka.

Kisumu wanasimulia ya kwamba zamani klabu ya Nyanza, iliyo kando ya ziwa, ilikuwa na kanuni ya peke yake: mpira ukilala karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji aweza kuangusha mpira mwingine mbali na hatari, usiwe karibu zaidi na shimo, bila adhabu. Watu huicheka kanuni hiyo, lakini imekaa sawa na sheria. Haikumruhusu mtu kumfukuza kiboko ili apate nafasi ya kuzungusha fimbo, wala kuyafyeka matete. Ilimpa pahali pengine pa haki, palipotajwa tangu mwanzo na kwa watu wote.

Karibu na Kibera hakuna kiboko. Kilichoko ni mfuko mdogo wa mchanga ambao makedi hutembea nao, wa kufukia makovu ya nyasi. Kazi hiyo hufanywa baada ya mpira kupigwa na kuondoka. Kedi huinama, hurudisha bonge la nyasi mahali pake, hulikanyaga, humimina mchanga juu yake, husawazisha kwa kiatu, na hakuna sheria amkosayo. Angalifanya yayo hayo nusu dakika mapema, mbele ya mpira wa bwana wake uliolala hapo, gharama yake ni mapigo mawili.